Shetani Hakuendesha Lori

Wasikilizaji wetu wa Nchelenge, Kashikishi na Chiengi, ndugu zetu wa makazi ya Mantapala, nanyi mnaotupata kutoka ng'ambo ya Ziwa Mweru, kule Pweto na Kilwa, mazungumzo ya leo yanamhusu shetani, lakini msizime redio, sikuja kuhubiri. Mnajua mambo yanavyokwenda mtu anaposhikwa na kosa zito. Awe Mombasa, Mwanza, Lubumbashi au hapa hapa ufukweni, kauli inayomtoka ni ile ile: shetani alinipitia. Amekula fedha za ushirika wa wavuvi, shetani alimpitia. Amempiga mkewe hadi kumvunja mkono, shetani alimpitia. Kesi inasikilizwa, watu wanapatanishwa au mtu anafungwa, na huyo anayetajwa kuwa ndiye mwenye kosa hasa hajawahi kusimama kizimbani hata siku moja.

Wamarekani ndio waliompa nafasi ya kujitetea. Tarehe 25 Januari 2016 televisheni ya Fox ilianza kuonyesha tamthilia iitwayo Lucifer. Mhusika wake mkuu ametoka katika hadithi za vibonzo za The Sandman za Mwingereza Neil Gaiman, na aliyeigiza ni Tom Ellis, mtu wa Wales. Shetani huyu amechoka kutawala jehanamu. Anahamia Los Angeles, anafungua klabu ya usiku, anavaa suti safi, anapiga kinanda, kisha anaanza kumsaidia askari mpelelezi mwanamke, Chloe Decker, kuwanasa wauaji. Kila mara anakwenda kukaa kwa daktari wa saikolojia, Linda Martin, kumweleza ugomvi wake na baba yake. Baba mwenyewe, bila shaka, ni Mungu. Kabla hata sehemu ya kwanza haijarushwa, kikundi cha Wakristo wa Marekani kiitwacho One Million Moms kilikuwa kimeanza kukusanya saini kuipinga. Fox iliikata mwaka 2018 baada ya misimu mitatu, watazamaji wakapiga kelele, Netflix ikaichukua na kuiendeleza hadi Septemba 2021, jumla ya sehemu 93. Netflix yenyewe ilikuwa imefungua milango yake kwa karibu Afrika yote Januari ile ile ya 2016, na tunajua tamthilia zinavyosafiri siku hizi: zinaingia kwenye simu, zinarushwa kwenye flashi, zinafika mahali ambapo hata umeme haujafika.

Hasira ya wachungaji juu ya tamthilia ya namna hii naielewa, ila naona imeelekezwa pasipostahili. Ndani ya Lucifer kuna vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kuna urembo: sura nzuri, pombe ghali, mzaha, wanawake. Huo ni urembo wa bei rahisi, na ukiniuliza mimi, misimu sita yake ni mirefu mno. Lakini kuna pia dai moja ambalo shetani huyu analirudia tangu mwanzo hadi mwisho, nalo ni kwamba hajawahi kumlazimisha binadamu yeyote kutenda ovu lolote. Anachukia kusingiziwa. Katika jehanamu yake hata milango haina kufuli. Waliomo wanazuiwa na hatia yao wenyewe, inayowarudisha kwenye kosa lile lile bila kikomo. Ninachosema leo ni kwamba dai hilo ni la kweli, na lina faida kubwa kwetu huku Mweru kuliko watayarishaji wa Los Angeles walivyoweza kufikiri. Hadithi yoyote ya shetani, ya kanisani au ya kwenye skrini, ipimwe kwa swali moja: ikishamalizika, hatia inabaki mikononi mwa nani?

Wala dai hilo si uzushi wa Wamarekani. Aliye Mwislamu anajua kuwa katika Surat Ibrahim, aya ya 22, shetani mwenyewe atawaambia waliomfuata, hukumu ikishapita, kwamba hakuwa na mamlaka yoyote juu yao. Aliwaita tu, wakaitika, basi wasimlaumu yeye, wajilaumu wenyewe. Aliye Mkristo afungue sura ya tatu ya kitabu cha Mwanzo. Adamu anamtupia lawama mkewe, mke anamtupia nyoka, na Mungu anawahukumu wote watatu. Visingizio havipunguzi adhabu ya mtu. Katika kitabu cha Ayubu shetani hawezi kugusa hata mfugo mmoja mpaka aombe ruhusa. Waraka wa Yakobo unasema wazi kwamba kila mtu hujaribiwa kwa kuvutwa na tamaa yake mwenyewe. Na huruma kwa shetani nayo si jambo la jana. Mansur al-Hallaj, aliyeuawa Baghdad mwaka 922, alithubutu kumwona Iblisi kama mpenzi aliyekataa kumsujudia Adamu kwa sababu hakutaka kumsujudia mwingine ila Mungu. Mwaka 1667 Mwingereza John Milton alimpa shetani maneno matamu kiasi kwamba wasomaji wanabishana hadi leo kama hakumpendelea. Waswahili nao wana zimwi likujualo, lisilokula likakwisha, na mafundi wa Kimakonde wamekuwa wakichonga mashetani wenye jicho moja na midomo iliyopinda tangu miaka ya 1950, wakiwauzia watalii Dar es Salaam, na hakuna mji ulioharibika kwa ajili hiyo.

Sasa tumtazame shetani tuliye naye sisi. Zambia ilitangazwa kuwa taifa la Kikristo na Rais Frederick Chiluba tarehe 29 Desemba 1991, na mwaka 1996 maneno hayo yakaingia katika katiba. Tangu miaka hiyo, makanisani na hata redioni, umekua utaratibu wa ushuhuda wa watu wanaosema walikuwa watumishi wa shetani, wengi wao wasichana wadogo. Mtafiti wa Kiholanzi, Johanneke Kroesbergen-Kamps, aliyefundisha hapa nchini, alikusanya shuhuda hizo na kuzitolea kitabu mwaka 2022. Zinafanana sana. Msichana alipewa zawadi au chakula na mtu wa karibu, usiku akachukuliwa hadi chini ya maji, kwenye mji wa fahari, akapewa cheo, akaagizwa kuleta damu, kusababisha ajali, kuvunja ndoa. Sehemu ya hadithi hii ilisafiri kwa maandishi, maana kijitabu cha Mnigeria Emmanuel Eni, kilichotoka mwaka 1987, kilikuwa tayari na mji huo wa chini ya bahari, na kilisomwa Afrika nzima. Lakini huku kwetu ilikuta maji yanaisubiri. Ndugu zetu wa Katanga wanamjua mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki ambaye miaka ya 1970 wachoraji wa Lubumbashi walimchora kwa wingi na watu wakamtundika sebuleni: anampa mtu utajiri kwa sharti la siri. Na hapa Mweru, ambapo samaki wadogo waitwao chisense huvuliwa usiku kwa taa, mmoja akarudi na mtumbwi umejaa na mwingine nyavu tupu, swali la mali hii imetoka wapi haliko mbali na kinywa cha mtu.

Tofauti kati ya shetani huyu na yule wa Los Angeles haiko kwenye ukali wa mmoja na upole wa mwingine. Shetani wa ushuhuda hafanyi kazi peke yake. Lazima awe na wakala, na wakala huyo lazima awe mtu tunayemjua: bibi aliyetoa karanga, mjomba aliyefanikiwa, mtoto wa kambo anayekojoa kitandani. Hapo ndipo hadithi inapoacha kuwa hadithi. Mwanzoni mwa mwaka 2020 ulivuma uvumi, kuanzia Copperbelt hadi Lusaka, kwamba kuna watu wanaopuliza gesi ndani ya nyumba usiku ili wachukue damu za waliolala kwa ajili ya matambiko. Hofu ilikuwa ya kweli, na wapo waliougua kweli. Lakini makundi yaliyotoka na mawe na matairi yaliua watu zaidi ya 40, na wengi wa waliouawa walikuwa wapita njia, wageni, watu wasio na wa kuwasemea. Ng'ambo, Kongo ililazimika kuandika katika katiba yake ya mwaka 2006, kifungu cha 41, kwamba ni marufuku kumshutumu mtoto kwa uchawi, kisha ikatunga sheria ya ulinzi wa mtoto mwaka 2009 yenye adhabu kwa anayefanya hivyo. Nchi haiweki jambo kama hilo katika katiba kwa kupenda. Inaliweka kwa sababu watoto walikuwa wanatupwa barabarani. Kenya nako, mwaka 1994, Rais Moi aliunda tume rasmi ya kuchunguza ibada za shetani, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri, na ripoti yake ikakaa kabatini hadi mwaka 1999 ndipo ikawekwa hadharani. Ilijaa shuhuda za namna hii hii. Lakini wizi mkubwa wa fedha za umma uliotikisa Kenya miaka hiyo hiyo, ule wa Goldenberg, ulifanywa kwa karatasi, mihuri na akaunti za benki.

Hapa wasomi wananikatiza. Wanasema usizidharau hofu hizi. Ni lugha ambayo maskini hutumia kueleza kwamba ananyonywa. Hoja yao ina uzito. Enzi za ukoloni, Rhodesia ya Kaskazini ilikumbwa na hofu ya banyama, watu waliodhaniwa kukamata Waafrika na kuwanyonya damu. Pwani ya Waswahili waliitwa mumiani, na hata wamisionari wa Mapadri Weupe walishukiwa. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2000, kuonyesha kwamba uvumi huo ulibeba ukweli fulani kuhusu kazi, kodi na miili ya watu chini ya wageni. Mkenya Ngũgĩ wa Thiong'o naye, katika riwaya aliyoianza gerezani Kamiti, ile tunayoisoma kwa Kiswahili kama Shetani Msalabani, alimtumia shetani kuwavua nguo matajiri wa nchi yake. Nakubali yote. Lakini tazameni Ngũgĩ alichofanya: shetani wake anatuelekeza juu, kwa wenye mabenki na viwanda. Uvumi wa mtaani unahisi kweli kwamba kuna mnyonyaji, kisha unanyoosha kidole chini, kwa aliye karibu na asiyeweza kujitetea. Katika zile ghasia za 2020 sikusikia tajiri aliyeburutwa kutoka ofisini. Anayehisi maumivu ya kweli anaweza kabisa kumpiga asiyehusika.

Mweru ina ushahidi wake juu ya jambo hili, na haukutoka chini ya maji. Kwanza, kwa kifupi, samaki. Mpumbu, aliyekuwa akipanda Mto Luapula kwa makundi makubwa kwenda kutaga, aliporomoka katikati ya karne ya 20. Hakurogwa. Alivuliwa njiani kabla ya kutaga, kwa nyavu zilizozidi kuongezeka, ili kulisha soko la migodi ya Katanga. Pili, Kilwa. Namaanisha Kilwa hii ya ziwani, upande wa Kongo, si ile ya magofu ya Tanzania. Oktoba 2004 kikundi kidogo cha waasi chenye silaha chache kiliingia katika mji ule. Watu wengi walikimbia, wengine wakavuka ziwa kuja upande wa Zambia. Jeshi la Kongo likaja kuukomboa mji, na likishaukomboa likaua watu zaidi ya 70, wengine kwa kupigwa risasi baada ya kukamatwa. Askari walisafirishwa kwa ndege na magari ya Anvil Mining, kampuni iliyokuwa ikichimba shaba na fedha katika mgodi wa Dikulushi, na kampuni ilijieleza kwamba jeshi ndilo lililovitwaa vyombo hivyo. Juni 2007 mahakama ya kijeshi ya Lubumbashi iliwaachia huru washtakiwa katika mashtaka ya mauaji ya Kilwa, wakiwemo wafanyakazi watatu wa kampuni. Mwaka 2017 ndipo Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilipotangaza kwamba serikali ya Kongo inawajibika, na kwamba waathirika waliofikisha shauri walipwe fidia ya dola milioni 2.5. Ovu kubwa kuliko yote lililoupata ufukwe huu katika karne hii lilifanywa mchana, na watu wenye vyeo na sare. Malori yalikuwa na madereva, na shetani hakuwa mmoja wao.

Na hapo ndipo pingamizi lililo zito kuliko yote linaponijia, nalo halitoki kwa mchungaji. Mtu anaweza kusema: ukishamhurumia shetani, utamhurumia nani tena? Leo shetani ana kidonda cha moyo alichopewa na baba yake. Kesho kamanda aliyeua Kilwa naye ataleta kidonda chake, ataeleza alivyolelewa, na tutamfutia machozi badala ya kumhukumu. Pingamizi hili silikwepi, kwa sababu linagusa mahali ambapo tamthilia yenyewe imelegea. Kuelewa chanzo cha uovu wa mtu si kumwachilia, na Lucifer inajitahidi kulisema hilo: jehanamu haifungwi, na mwishoni shetani anarudi huko kwa hiari kuwasaidia waliomo wakabili walichofanya, huku ndugu yake Amenadiel akikaa katika kiti cha Mungu. Lakini hebu tufuate mantiki ya jehanamu isiyo na kufuli. Kama kinachomfunga mtu ni kujiona mwenye hatia, basi asiyejiona na hatia anatoka zake. Mama aliyemkaripia mwanawe saa moja kabla mtoto hajazama ziwani ataungua milele, na aliyetoa amri ya kuua, akalala usingizi mnono, atapita salama. Hiyo ni haki ya mji wenye madaktari wa saikolojia kila kona. Ufukweni kwetu haitoshi. Yeyote aliyetoa amri ile ya Kilwa hahitaji kusubiriwa ajisikie vibaya. Anahitaji mahakama inayofanya kazi.

Kwa hiyo siitetei tamthilia yote. Nalitetea dai lake moja, na nasema linahitaji kukamilishwa: ukimtua shetani mzigo wa dhambi zetu, ni lazima uwepo mkono wa kuupokea, na mkono huo ni wa sheria, wa ukoo, wa kanisa lenye nidhamu, wa chama cha wavuvi kinachokagua hesabu zake. Los Angeles wameishia katikati. Shetani amesafishwa, na binadamu amebaki anazungumza na daktari wake.

Nirudi kwa wachungaji na masheikh, kwa sababu wanastahili jibu la heshima. Wanauliza: je, kijana hatavutwa? Akimwona shetani mcheshi, mwenye klabu na gari, hataona kwamba upande ule ndio wenye raha? Kuna wachache watakaoiga mavazi na ulevi, sikatai, na mzazi ana haki ya kuzima skrini. Lakini kijana aliyevutwa na pombe ya klabu tunajua namna ya kumrudisha, na kosa lake ni lake. Binti aliyesimamishwa mbele ya kusanyiko, akapewa kipaza sauti, akaulizwa mbele ya watu mia tatu ni nani aliyempeleka chini ya maji, kisha akamtaja shangazi yake, huyo tumemharibia jamaa yake kwa miaka mingi, na shangazi tumemweka mahali ambapo kijana yeyote mwenye jiwe anaweza kumfikia. Mimi siamui hapa kama shetani yupo au hayupo. Hiyo ni kazi yenu. Naomba tu mfundishe kile ambacho vitabu vyenu vimekwisha kusema, kwamba hana nguvu ya kulazimisha. Binti mwenye mateso aombewe faraghani, apelekwe pia hospitali ya Misheni ya Mtakatifu Paulo hapo Kashikishi, na asiulizwe jina la mtu. Asipewe kipaza sauti. Watangazaji wenzangu nasi tusimpe.

Kwa atakayeona kwamba nimeleta mawazo ya kigeni, Sheria ya Uchawi ya Zambia imekuwapo tangu mwaka 1914 na ingali inatumika. Chini ya sheria hiyo, kumtaja mwenzako kuwa ni mchawi ni kosa la jinai.